Aliyeandika Nauli

Brashi hakuzaliwa mwoga. Mtu anayepanda ngazi ndefu na kopo la rangi kiunoni, akaning'inia juu ya mlango wa duka huku magari yakipita chini ya visigino vyake, huwezi kumwita mwoga. Woga wake una tarehe, na mimi niliyekaa naye mlango kwa mlango kwa miaka kumi na moja naijua.

Ni siku ile nauli ya basi ilipopanda bila watu kuambiwa, miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Brashi alikuwa juu ya ngazi akiandika bango la duka la dawa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha tiketi, na ndani yake alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa akiwakatia watu tiketi huku akiwauliza habari za wagonjwa wao. Asubuhi hiyo yeye ndiye aliyetumwa kuitamka nauli mpya. Brashi aliona watu wakianza kubishana naye, kisha kukipiga kioo kwa viganja, kisha kwa mawe. Aliona moshi. Aliona yule mama akijirusha kupitia dirisha la nyuma na kuanguka vibaya, mguu ukageukia upande usio wake.

"Na waliokuwa wanarusha mawe," aliniambia, "ni walewale waliokuwa wanamwita dada. Nawajua kwa sura. Mmoja nilimwandikia kibao cha kinyozi."

Tangu hapo akawa hapendi mkusanyiko wa watu. Hata harusini alikuwa anasimama karibu na mlango.

Kazi yake ilikuwa kuandika. Si kuandika vitabu. Kuandika ukutani, kwenye bati, kwenye mbao na kwenye vioo vya maduka. Alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa mkali kama pilipili, mtu ambaye herufi ikienda upande alikuwa anaifuta na kumrudisha mpwa wake mwanzo wa mstari. Jina alilopewa na wazazi nadhani hata mkewe alishaanza kulisahau. Sote tulimwita Brashi, na barua zake zilikuja kwa jina hilo. Mkono wake ulikuwa haufanani na wa mtu mwingine. Herufi "a" yake ilikuwa na kitumbo, na tarakimu nane yake ilikuwa imekaa kama mama aliyekaa kwenye kigoda. Ukipita barabarani unaona tu: hii ni ya Brashi.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kwa nusu saa mtu anapata bango lenye rangi zote na picha ya samaki anayecheka. Wateja wakampungua mmoja mmoja, mpaka akabaki na shule mbili tatu na kampuni ya mabasi ya mji. Kampuni ilikuwa bado inatumia vibao vya bati vituoni, rangi ya kijani, maandishi meupe: namba ya basi, mahali linapokwenda, na nauli. Vibao vyote viliandikwa na yeye. Kampuni ndiyo iliyokuwa inamlisha.

Jumatatu moja Msimamizi wa yadi ya mabasi akampigia simu.

"Fundi, njoo na brashi zako zote. Na uje peke yako."

Msimamizi alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyetembea na kitambaa mkononi kufuta jasho hata siku za baridi. Alimpitisha Brashi nyuma ya stoo ya matairi, akafungua chumba kisicho na dirisha. Ndani kulikuwa na meza, taa mbili, na vibao sabini na viwili vimepangwa kuegemea ukuta. Akampa karatasi iliyopigwa chapa. Brashi akaisoma akiwa amesimama.

Nauli ilikuwa inatoka hamsini kwenda themanini. Hilo lilimtingisha, lakini halikumwangusha. Kilichomfanya atafute kiti ni mstari wa chini yake: *Tiketi ya kuunganisha imefutwa.*

Tiketi ya kuunganisha ndiyo iliyokuwa mkombozi wetu sisi wa upande huu wa mji. Ukitoka huku huwezi kufika kazini kwa basi moja. Unashuka kituo kikuu na kupanda la pili. Tiketi hiyo ilikuwa inakuruhusu kupanda la pili bila kulipa tena. Ikifutwa, mtu anayelipa hamsini leo atalipa mia na sitini kesho, kwenda tu. Kurudi bado.

"Itatangazwa Jumatatu ijayo asubuhi," Msimamizi akasema, "vibao vikiwa vimeshapigwa misumari. Mpaka wakati huo wanaojua hapa ni mkurugenzi, mimi, mlinzi wa geti na wewe. Mkurugenzi hawezi kusema. Mimi siwezi kusema. Mlinzi miwani yake imevunjika tangu mwaka jana, haoni hata kilichoandikwa." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likakatika. "Kwa hiyo likitoka nje, fundi, sitakuwa na haja ya kufanya uchunguzi."

Akamsainisha karatasi nyingine. Ilisema kwamba atakayetoa siri ya kampuni atashtakiwa. Brashi hakuielewa yote, ila neno *kifungo* alilielewa. Simu yake ikachukuliwa na kuwekwa kwenye droo ya mlinzi mpaka jioni.

Akaanza kazi. Nane ya kwanza aliifuta mara nne.

*

Mkewe alikuwa mfuaji na mpiga pasi katika hospitali kubwa, huko mwisho kabisa wa mji. Basi la kwanza, kituo kikuu, basi la pili. Mwanamke mtulivu, mwenye kifua. Ukimwambia jambo limezikwa. Wiki hiyohiyo alikuwa na jambo lake la kuamua. Hosteli ya wanafunzi iliyokuwa karibu na kwetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, ilikuwa inatafuta wafuaji wawili. Nafasi moja ilikuwa imetengwa kwa ajili yake, nyingine kwa mwenzake wa hospitalini, mwanamke mdogo wa umbo tuliyemwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Jibu lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Jumatatu jioni, Brashi akiwa ndiyo kwanza ameketi na kikombe cha chai, mkewe akamwambia, "Nimeshaamua, baba watoto. Ya hosteli naikataa."

Chai ikampalia.

"Pole! Taratibu," mkewe akasema, akimpiga mgongoni. "Mshahara wao wa kuchekesha watu. Hospitali ni mbali, sawa, lakini wanalipa vizuri. Na nauli yenyewe ni hamsini tu na tiketi ya kuunganisha. Cherehani naye kasema akibaki mmoja tunabaki wote."

"Usiharakishe," Brashi akasema.

"Kwa nini nisiharakishe?"

"Nasema tu. Mpaka Ijumaa kuna siku nyingi."

Mkewe akamtazama. Brashi akainamia kikombe. Hapo ndipo, alivyoniambia, hofu ilipoacha kuwa mawazo ikawa kitu cha mwilini. Akisema, anafungwa. Asiposema, mkewe anaikataa kazi ya karibu, na wiki inayofuata nusu ya mshahara wa mbali inaishia kwenye basi. Na hosteli haitamsubiri.

Jumanne akaamka hajalala. Akaenda yadi, akaandika. Chumba kile kisicho na dirisha kilikuwa kinabana harufu ya rangi mpaka machozi yanatoka, na kila alipokohoa mlinzi alikuwa anachungulia kuona kama kuna mtu anazungumza naye. Jioni alikuwa anafuta mikono kwa mafuta ya taa mpaka ngozi inawaka, kwa sababu kijani kile cha kampuni kila mtu anakijua. Lakini rangi haikubali kuondoka yote. Inabaki kwenye mizizi ya kucha, kama ushahidi.

Uvumi nao ulikuwa umeshaanza. Uvumi huwa unaanza kabla ya jambo lenyewe. Sijui unatokea wapi. Kwenye bomba la maji watu walikuwa wanasema nauli itapanda, ila hakuna aliyejua kwa kiasi gani. Jumatano jioni Brashi alikuta foleni ya ndoo, na mbele ya foleni amesimama Fundi Bomba, mwenyekiti wa kamati yetu ya mtaa. Huyu alikuwa anatengeneza mabomba ya watu, na sauti yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya kuzoea kuongea akiwa ameingiza kichwa chini ya masinki.

"Brashi! Siku hizi uko wapi? Sikuoni kwenye ngazi."

"Napaka geti la shule."

"Shule gani?"

Brashi akataja shule ya kwanza iliyomjia akilini. Fundi Bomba akakunja uso.

"Ile? Mbona jana nilikuwa pale nikifungua choo kilichoziba, na geti lina kutu vilevile?"

Watu wakacheka. Brashi naye akacheka, kicheko kikavu kikatoka kama kikohozi. Mikono akaificha nyuma ya ndoo. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni, na nakumbuka nilijiuliza huyu leo ana nini. Nilidhani labda ana mwanamke mahali. Mawazo ya binadamu.

Aliporudi ndani, akili ilimwonyesha kibanda cha tiketi. Alimwona yule mama akining'inia dirishani, na waliokuwa chini, safari hii, walikuwa sisi: Fundi Bomba, mimi, Cherehani, watu wa foleni ya maji. Maana kibao kikishapigwa msumari, mtaa mzima utaujua mkono ulioandika. Hakuna mtu atakayeuliza nani. Nane ile itasema yenyewe.

*

Alhamisi jioni mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake, jua bado lipo dirishani. Cherehani alikuwa ametoka kuaga, na walikubaliana kwamba kesho asubuhi watapita hosteli pamoja, waseme hapana, kisha wawahi basi.

"Usiende kusema hapana," Brashi akasema.

Mkewe hakugeuka. "Umeanza tena."

"Sema ndiyo. Chukua ya hosteli."

"Nipe sababu."

"Siwezi."

Hapo mkewe akaisimamisha pasi. Akageuka. "Tangu Jumatatu huli. Unaniambia unapaka geti, Fundi Bomba anasema geti halijapakwa. Mikono inanuka mafuta ya taa. Kama kuna mtu mwingine niambie leo, nikiwa na pasi ya moto mkononi, tumalize."

Brashi alitaka kucheka, badala yake akaanza kulia. Mkewe hakuwa amewahi kumwona hivyo hata siku ya msiba wa mjomba wake. Akaizima pasi, akaketi kando yake, na Brashi akamweleza yote kwa sauti ya chini kiasi kwamba mkewe alilazimika kumwekea sikio mdomoni. Themanini. Tiketi ya kuunganisha. Karatasi aliyosaini. Kifungo.

Mkewe akaivuta ile sare, akaikunja ikiwa nusu imepigwa pasi.

"Unajua tangu Jumatatu," hatimaye akasema.

"Tangu Jumatatu."

"Siku nne unaniangalia napanga maisha yangu vibaya."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi je, ungeniacha nikatae?"

Brashi akaanza kukwangua rangi kwenye kucha. Mkewe akashika mkono wake, akatazama zile kucha, akazifunika kwa kiganja chake.

"Na Cherehani?" akauliza.

"Cherehani hapana! Nakuomba. Yule ukimwambia saa moja, saa mbili mji mzima unajua."

"Ana watoto watatu na hana mtu wa kumsaidia. Kesho atakwenda kukataa kazi kwa sababu mimi nilimwambia tukatae. Unataka nikae kando yake nimtazame, kama ulivyonitazama mimi?"

Asubuhi ya Ijumaa wanawake wawili walikwenda hosteli, na wote wawili wakasema ndiyo. Sijui mkewe alimwambia nini Cherehani njiani. Anasema alimwapisha. Cherehani naye anaapa mpaka leo kwamba hakumwambia mtu isipokuwa dada yake, na alimwambia dada yake kwa sababu dada yake alikuwa karibu kulipia chumba kule upande wa hospitali. Na dada yake bila shaka naye alikuwa na mtu wake wa lazima.

Ijumaa jioni mtaa ulikuwa unachemka. Na uvumi ulivyo, ulikuwa umeshanenepa. Wengine walisema mia. Wengine walisema mia mbili. Mmoja alisema mabasi hayatafika huku kabisa, tutakuwa tunayafuata kituo kikuu kwa miguu. Lakini chini ya makelele yote palikuwa na neno moja lililorudiwa na kila mtu: vibao vimeshaandikwa.

Brashi alifunga mlango na kuuegemeza kiti.

*

Jumamosi asubuhi simu ikaita. "Njoo," Msimamizi akasema, na akakata.

Vibao vilivyobaki vilikuwa tisa. Brashi alijiambia labda ameitwa kuvimalizia, ingawa alijua sivyo. Alitembea mpaka yadi akipitia njia za nyuma. Mlinzi akamfungulia, akaingia, na komeo likarudishwa nyuma yake kwa kishindo. Aliniambia sauti hiyo ya komeo aliisikia mpaka kwenye meno.

Msimamizi alikuwa amekaa juu ya tairi, kitambaa kimelowa.

"Nani umemwambia?"

Brashi alikuwa amepanga uongo wa kila aina. Wote ukayeyuka. "Mke wangu," akasema.

Alitarajia kelele, pingu, gari la polisi. Msimamizi alitikisa kichwa tu. "Na mimi nina mke," akasema, kama anayejisemea. "Sikumwambia. Amekata tamaa na mimi kwa sababu nyingine." Kisha akainua kidole. "Unasikia?"

Nje ya geti kulikuwa na sauti za watu. Hazikuwa kubwa bado. Zilikuwa zile sauti za chini zinazojikusanya, kama maji yanayokaribia kuchemka, na Brashi alizijua. Alizisikia siku ile akiwa juu ya ngazi.

"Nisikilize," Msimamizi akasema, akisimama. Sasa Brashi aliona kwamba mtu huyu mrefu naye alikuwa anaogopa. "Wewe ni mtu wao. Toka uwaambie ni porojo. Waambie nauli ni ileile, umeitwa kupaka vibao rangi upya kwa sababu vimechakaa. Watakuamini. Wakitawanyika, ile karatasi uliyosaini naichana mbele ya macho yako, na Jumatatu unaendelea na kazi."

"Na Jumatatu wakiona vibao?"

"Jumatatu ni Jumatatu. Leo ni leo. Hapa ndani kuna mapipa ya mafuta, fundi. Wakitupa moto hapa hatupati hata nafasi ya kuruka dirisha."

Kutoka stoo ya matairi mpaka getini ni kama hatua arobaini. Brashi alizitembea. Anasema njia nzima alikuwa anarudia moyoni maneno aliyopewa: ni porojo, nauli ni ileile, ni porojo.

Mlinzi akafungua mlango mdogo wa geti, akamsukuma nje, akafunga.

Nilikuwepo. Lazima niseme. Tulikuwa watu kama mia mbili, na mimi nilikuwa safu ya pili, na mkononi nilikuwa na jiwe. Mpaka leo sikumbuki nililiokota wapi. Sikuwa na nia ya kumrushia mtu, au ndivyo ninavyojiambia. Jiwe lilikuwa mkononi tu, zito, na lilinipa amani ya ajabu.

Tulipomwona ni yeye, tukanyamaza. Fundi Bomba alikuwa mbele.

"Brashi. Kumbe geti lenyewe ni hili."

Brashi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati la geti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shingo kana kwamba amemwagiwa maji.

"Tuambie basi," Fundi Bomba akasema, taratibu kidogo. "Wanasema mia. Wanasema mia mbili. Wewe ndiye mwandishi. Ni kweli inapanda?"

Hapo alitakiwa kusema ni porojo. Aliniambia neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Kisha akatazama mbele yake, akatuona, mtu mmoja mmoja, watu wa maji na watu wa foleni, na akaelewa kwamba kuanzia Jumatatu hatakuwa na mahali pa kupita.

"Themanini," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo. Watu wa nyuma wakauliza amesemaje, na neno likarudi nyuma safu kwa safu: themanini, themanini.

"Na tiketi ya kuunganisha imefutwa. Kuanzia Jumatatu."

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko uvumi. Lakini uvumi mtu anaweza kuucheka. Huu haukuwa na mahali pa kucheka. Mwanamke mmoja karibu nami alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole cha tatu, akaacha.

"Nani kaviandika hivyo vibao?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Wiki nzima! Unachota maji na sisi, na unajua!"

Jiwe likaruka. Halikuwa langu. Lilipiga bati la geti kando ya sikio lake, na mlio wake ukatushtua sote. Brashi akachuchumaa, mikono miwili kichwani, macho ameyafumba, akawa mdogo kama mtu anayengoja nyumba imwangukie. Hakukimbia. Na kwa muda wa pumzi mbili tatu hakuna mtu aliyejua tutafanya nini, hata sisi wenyewe. Nilisikia mkono wangu ukipanda. Nilisikia, nasema, maana sikuupandisha mimi.

Fundi Bomba ndiye aliyegeuka, akampa Brashi mgongo, akatukabili sisi kwa ile sauti yake ya chini ya masinki.

"Aliyerusha aje arushe tena, mimi nikiwa hapa! Huyu amepanga nauli? Huyu ana basi? Huyu ana brashi! Ametuambia siku mbili kabla, na waliomtuma wamejificha nyuma ya matairi. Hao ndio ninaowataka mimi, na siwataki kwa mawe. Nataka watatu twende ndani tukaongee. Nani anakuja?"

Watu wakaanza kutazamana. Aibu huwa inaingia polepole. Kwanza mtu mmoja akashusha macho, kisha wa pili. Niliacha jiwe likaanguka kando ya kiatu changu. Baada ya dakika kumi mlango mdogo ukafunguliwa, na watatu wakaingia. Brashi alibaki amechuchumaa palepale mpaka mkewe, aliyekimbia kutoka hosteli, walikomwanzisha kazi asubuhi hiyohiyo, na aproni bado kiunoni, alipokuja kumwinua.

*

Mazungumzo yale yalizaa kitu, ingawa si kikubwa. Nauli ilipanda hadi themanini baada ya mwezi mmoja badala ya Jumatatu ile. Tiketi ya kuunganisha ikaachwa "kwa majaribio mpaka mwisho wa mwaka." Hivyo ndivyo kampuni ilivyoandika. Hakuna anayejua baada ya majaribio kuna nini.

Brashi hakulipwa. Vibao vyake vilipigwa misumari vyote, pamoja na tisa vilivyochapwa na mashine, na mstari wa chini, ule wa tiketi ya kuunganisha, ukafunikwa kwa karatasi ya gundi. Aliambiwa na mlinzi, kupitia tundu la geti, asirudi tena. Habari ya kushtakiwa hakuna aliyeitaja, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Kwa wiki nyingi kila aliyebisha hodi alimfanya ainuke kitini. Mwenye nyumba alibisha, akaruka. Mimi nilibisha kuazima ngazi, nikamkuta amejificha nyuma ya kabati, mtu mzima mwenye mvi.

Siku hiyo nilimwambia kuhusu jiwe. Nilidhani nitajisikia vizuri.

"Nilikuona," akasema. Kisha akanipa ngazi.

Mtaani watu wamegawanyika. Wako wanaosema alituokoa, wako wanaosema alikula nasi wiki nzima na moyo wake uko kwingine. Cherehani huwagombeza hawa wa pili hadharani, kwa dakika ishirini bila kupumua, mpaka wanaona heri wakubali. Fundi Bomba humpa salamu kubwa kila anapomwona, kubwa kupita kiasi, kama mtu anayelipia wengine. Mkewe anakwenda kazini kwa miguu. Mshahara ni mdogo kweli, hakudanganya, lakini saa kumi na moja yuko nyumbani. Anasema amemsamehe mumewe zile siku nne. Anasema pia kwamba bado huzikumbuka wakati mwingine akiwa anakunja mashuka ya watu.

Siku hizi Brashi anaandika majina ya madarasa katika shule mbili, na kabla ya kukubali kazi yoyote huomba aonyeshwe kwanza maneno yenyewe. Basi hapandi. Mwezi ujao mwaka unaisha, na kampuni haijasema neno. Kwenye bomba la maji watu wameanza tena kuulizana, na yeye akifika wananyamaza kidogo, kisha wanazungumzia hali ya hewa.

Kila asubuhi, kabla ya chai, anavaa viatu na kwenda mpaka kituoni. Anasimama mbali kidogo, anatazama kama ile karatasi ya gundi imebanduliwa kwenye kibao, anarudi. Leo nilikuwa nafagia mlangoni kwangu aliporudi, nikamsikia mkewe akimuuliza kutoka ndani.

"Umekwenda tena?"

"Nimekwenda."

"Enhe?"

"Bado," akasema, na akaufunga mlango.